Pasipoti Mbili Ndani ya Godoro

Palikuwa na fundi wa magodoro, mwanamke mwembamba hivi kwamba ukimtazama kwa ubavu unadhani ameshaondoka. Magodoro yake yalikuwa na sifa, na anayebisha abishe akiwa amelala juu ya moja. Siku moja jogoo wa jirani alirukia godoro lililoanikwa uani, akasinzia papo hapo, na kesho yake mtaa mzima ukachelewa kazini kwa sababu hakuna aliyewika.

Watu walimwita Mama Sindano. Sindano yenyewe ilikuwa ile ya kushonea magodoro, ndefu kama mkono wa mtoto kutoka kiwiko hadi kiganja, naye aliipachika kwenye kitambaa cha kichwani popote aendapo. Waliomkumbatia kwa pupa walijifunza adabu.

Kazi aliirithi kwa baba yake, na pamoja na kazi akarithi desturi moja ya nyumba ile. Baba hakuamini kabati, hakuamini kufuli, na mlinzi hakumwamini hata kwa mbali. Kila kitu chake cha maana alikitia ndani ya godoro. Unafumua mshono wa pembeni, unachimba kwenye pamba, unatumbukiza, kisha unashona upya. Na mshono wao haukuwa wa kila mtu: sindano inarudi nyuma, inajifunga kifundo kidogo upande wa ndani, kidole cha mgeni kinapita juu yake bila habari.

Aliyejua mshono huo mbali na Mama Sindano alikuwa mdogo wake, kitinda mimba, kijana mvivu lakini mvivu wa kupendeza. Pamba kabla ya kujazwa hupigwa fimbo ili ivimbe, na mpigaji mzuri hupiga mfululizo bila kukatisha. Huyu alipiga mara mbili, akapumzika, akajikuna, akapiga tena mara mbili. Pa-pa. Kimya. Pa-pa. Kimya.

"Wewe, unapiga pamba au unabisha hodi?" baba alikuwa akimfokea kutoka ndani.

Basi jina likamganda: Mbili-Kimya.

Baba alipofariki, Mbili-Kimya alifunga begi akavuka mpaka kutafuta maisha nchi ya pili. Mwanzoni alipiga simu mara kwa mara, anacheka, anasimulia. Mara ya mwisho alisema, "Dada, nimefikia gesti yenye mlango wa kijani, nyuma ya stendi ya mabasi. Mwenyewe mkarimu mno. Ila kila asubuhi anaulizia pasipoti zetu kuliko anavyoulizia hali zetu." Akacheka tena. Baada ya hapo simu yake ikawa haipatikani. Mvua zikaja zikaondoka, haipatikani. Mama Sindano akawa anashona huku sikio liko kwenye simu, hata akajichoma vidole, jambo ambalo hata utotoni halikumpata.

Mwisho akajipiga moyo konde. Akachukua pasipoti mpya yenye picha iliyomfanya aonekane kama mtu aliyeiba kuku, akakata tiketi ya kwenda na ya kurudi, akapanda basi.

Mlango wa kijani aliuona kabla basi halijasimama. Ndani alimkuta mwenye gesti nyuma ya meza, mtu mzima, sauti laini kama mafuta ya nazi, kiunoni ana fungu la funguo linalolia kila anapopumua. Mtaa mzima ulimwita Bwana Funguo.

"Karibu mama yangu, karibu sana. Pole na safari." Mkono ulikuwa umeshanyooshwa. "Pasipoti?"

"Ya nini tena, baba?"

"Naiweka kwenye sefu. Mji huu una vidole virefu."

"Yangu iko chini kabisa ya begi, chini ya nguo za ndani," alisema Mama Sindano. "Nikianza kuzitoa hapa mbele za watu, itabidi unioe."

Bwana Funguo alicheka kwa mdomo. Macho hayakushiriki.

Mama Sindano akatoa picha ya mdogo wake. "Namtafuta huyu. Alilala hapa."

"Simjui. Hajawahi kulala hapa." Jibu lilitoka picha ikiwa bado haijafika mezani. Hapo ndipo nywele za Mama Sindano zilipoanza kusimama chini ya kitambaa.

Alipewa chumba cha mwisho wa ukumbi. Kitanda kimoja, balbu moja, dirisha lililopakwa rangi mpaka likagandamana na fremu yake. Mlango ulikuwa na komeo, lakini komeo lenyewe lilikuwa upande wa nje. Alilitazama kwa muda, akawaza, chumba gani hiki kinachomfungia mgeni badala ya kumfungia mwizi? Angegeuka aondoke, lakini aende wapi, na mdogo wake alikuwa ametaja mlango huu huu?

Akafanya alichofunzwa. Alikaa sakafuni upande wa miguuni, akafumua mshono wa godoro, akachimba pamba, akatumbukiza pasipoti na tiketi ya kurudi vikiwa vimefungwa kwenye leso, akashona kwa uzi mweupe kwa mshono wa kwao. Alijiona mjanja. Mwizi apekue begi, apekue hata masikio, pasipoti haoni. Ndivyo anavyowaza mtu aliyelelewa na magodoro. Mwingine yeyote angeificha kifuani, ikaenda naye popote aendapo.

Asubuhi funguo zililia mlangoni kabla ya salamu. "Pasipoti, mama yangu?"

"Nikirudi, baba. Basi langu ni la jioni, sikimbii."

Akatoka na picha yake. Aliuliza muuza maji, akauliza fundi viatu, wote wakatikisa kichwa haraka mno. Kinyozi wa pembeni ya stendi peke yake ndiye aliyeichukua picha na kuiangalia kweli. Akaufuta wembe, akauweka chini.

"Nilimnyoa," alisema taratibu. "Alikuwa mcheshi. Alinambia nina mkono mzito kama marehemu baba yake."

Mama Sindano alimshika mkono. "Yuko wapi, mwanangu?"

"Mama, watu wa mlango wa kijani mimi nawanyoa mara moja tu. Wa mara ya pili sijawahi kumpata." Akamrudishia picha. "Na mimi sijakwambia kitu."

Alirudi gesti miguu ikimtangulia. Shauri lilikuwa moja: achukue pasipoti yake, akae stendi penye watu mpaka basi lijae, akifika kwao apige kelele huko. Akasukuma mlango wa chumba.

Kitanda kilikuwa mbao tupu.

Alisimama akazihesabu zile mbao kana kwamba godoro lingejitokeza kati yao. Begi lake lilikuwa pale pale, ila nguo ndani zilikuwa zimekunjwa vizuri kuliko alivyozikunja yeye. Mikono ya mtu ilikuwa imepita mle, ikakosa, ikapanga.

"Kunguni, mama yangu." Bwana Funguo alikuwa nyuma yake, na safari hii funguo hazikulia, alikuwa amezishika. "Tumetoa magodoro yote. Yanakwenda jaani kuchomwa. Usijali, mapya yanakuja, tunatengenezesha wenyewe, kwa mkono."

"La chumba hiki limeshakwenda?"

"Lilikuwa la kwanza." Akamsogelea. "Kwani kulikuwa na kitu?"

"Kitu gani? Nililizoea tu," alisema Mama Sindano. "Mimi na godoro tukilala pamoja mara moja, ndiyo imetoka."

"Na pasipoti?"

"Ninayo."

Bila pasipoti, mtu ugenini ni nani? Akisema jina lake, nani atalikubali? Mama Sindano aliona wazi kwamba akilala usiku mmoja zaidi nyuma ya komeo lile bila karatasi ya kumwonyesha alikotoka, hata kinyozi atatikisa kichwa akiulizwa habari zake.

Kule uani lori lilikuwa likipakia magodoro ya mwisho. Alitoka kwa mlango wa nyuma akiwa ameacha begi lake chumbani, akadaka mlango wa abiria na kukaa kabla dereva hajasema kitu. Dereva alikuwa mnene, amejaza karanga shavuni.

"Mama, mimi naenda jaani. Kuna harusi huko?"

"Nafuata godoro langu."

"Yana kunguni hayo!"

"Kunguni wangu, mwanangu. Nawafuata, ni wa ukoo."

Dereva akacheka mpaka karanga zikamtoka, akatia gia. Njiani hakunyamaza. Alisema huyu Bwana Funguo ana kunguni wengi kuliko wageni, maana kila baada ya muda anaitwa kubeba magodoro mawili matatu yakachomwe.

"Na wageni wenyewe huenda wapi?" aliuliza Mama Sindano.

Dereva aliacha kutafuna. "Wanaingia mlango wa mbele na mabegi," alisema. "Wanatoka mlango wa nyuma mikono mitupu, wanapanda gari la kazi."

"Kazi gani?"

"Ningeijua, mama, nami ningekuwa ndani ya hilo gari." Na mpaka jaani hakutia tena karanga mdomoni.

Moshi waliuona kabla ya jaa lenyewe. Ulikuwa moshi wa pamba, mweupe na mzito, usiopanda. Mama Sindano aliujua. Aliwahi kuunusa siku karakana ya baba ilipoungua. Lundo la magodoro lilikuwa kama nyumba, na mtu mwenye dumu la mafuta ya taa alikuwa akilizunguka akilinyunyizia kama anayemwagilia bustani. Upande mmoja ulikuwa umeshashika.

"Shuka huko, wewe mama! Una wazimu?"

Lakini alikuwa ameshapanda. Hakutazama kwa macho, maana moshi ulikuwa umeyajaza machozi. Alipapasa. Vidole vilikimbia kwenye mishono, godoro baada ya godoro, mishono ya mashine, mishono ya wavivu, mishono ya watu wasiojua wanachofanya. Kisha kidole kikakwama kwenye kifundo kidogo kinachotazama ndani.

Akachomoa sindano kichwani, akafumua, akaingiza mkono mpaka begani. Pasipoti hiyo! Akaivuta kwa furaha, akaifungua ili aone sura yake ya mwizi wa kuku.

Sura iliyomtazama ilikuwa ya mdogo wake.

Mwenyewe anasema dunia ilinyamaza, moto ukanyamaza, hata yule mwenye dumu alikuwa akipanua mdomo bila sauti. Akatazama uzi aliofumua. Ulikuwa mweusi, mkuukuu. Wake ulikuwa mweupe. Huu ulikuwa upande wa kichwani, na yeye alikuwa amelala juu yake, shavu lake likiwa limetenganishwa na uso wa mdogo wake na pamba tu. Mbili-Kimya alilala chumba kile kile. Alimficha Bwana Funguo pasipoti yake kwa njia ya nyumbani, kisha hakurudi kuichukua. Na mtu ambaye pasipoti yake iko hapa hajavuka mpaka kwenda popote.

Upande wa miguuni ulikuwa ukiungua. Aliingiza mkono kwenye cheche, akararua, akatoka na pasipoti yake imeungua pembe na leso imebaki uzi mmoja unaofuka. Tiketi ilikuwa majivu. Alipoteremka, nyusi moja haikuwepo.

"Umepata kunguni wako?" dereva aliuliza. Alipoona uso wake akaacha utani. "Twende stendi, mama. Basi lako bado lipo."

"Nirudishe gesti."

"Begi linanunulika!"

"Na mdogo wangu ananunulika?"

Dereva aligeuza lori. Walipofika mlango wa kijani alisema, "Sizimi injini. Ukikawia napiga honi, nikipiga ya pili naondoka, Mungu anisamehe."

Bwana Funguo alikuwa nyuma ya meza yake. Aliona mavumbi, aliona nyusi, hakuuliza. Alinyoosha mkono tu. "Pasipoti, mama yangu?"

Mama Sindano akaweka pasipoti kwenye kiganja kile. Ile ya mdogo wake.

Mwenye gesti aliifungua. Funguo zilinyamaza zote kwa pamoja.

"Umeitoa wapi hii?" Sauti ilikuwa imepoteza mafuta. "Tumeitafuta mpaka tukabomoa dari!"

Kisha akasikia mwenyewe alichosema.

"Si hajawahi kulala hapa?" aliuliza Mama Sindano.

Bwana Funguo aliinuka polepole, akazunguka meza, akasimama kati yake na mlango. Mkono mmoja ulikuwa na pasipoti. Mwingine uliteua ufunguo kiunoni bila kutazama, kama mtu anayefanya jambo la kila siku. Na ile sauti laini ikarudi.

"Nani mwingine anajua uko hapa, mama yangu?"

Sindano ile ilikuwa imetoboa magodoro ya kuzungushia dunia mara tatu. Siku hiyo ilitoboa mkono wa mtu, ikaingilia huku ikachungulia kule. Bwana Funguo alipiga ukelele, pasipoti ikaanguka, Mama Sindano akaidaka ikiwa hewani. Nje honi ikalia. Honi ya pili ilimkuta akining'inia mlangoni mwa lori, kiatu kimoja kimebaki ukumbini.

"Polisi!" alisema akihema.

"Tazama kwanza," alisema dereva.

Walikuwa wanapita kituo cha polisi. Mbele yake lile gari la kazi la gesti lilikuwa limeegeshwa kivulini, na dereva wake anacheza drafti na askari, wanacheka. Lori halikupunguza mwendo.

Alivuka mpaka jioni ile kwa basi jingine, amekaa kwenye gunia kati ya viti. Afisa aliinusa pasipoti iliyoungua, akamtazama uso usio na nyusi moja, akapiga muhuri. Ya mdogo wake ilikuwa ndani ya pindo la gauni, imeshonwa. Kwao alikwenda kituoni, akaeleza yote. Wakaandika. Wakamwambia asubiri.

Alikuwa bado anasubiri simu ilipoanza kulia. Ilikuwa inalia mchana, akiwa karakanani, namba ya ng'ambo.

"Hujambo, mama yangu? Ndugu yako anahitaji pasipoti yake."

"Mpe simu aniambie mwenyewe."

"Yuko kazini."

"Na mimi niko kazini," alisema Mama Sindano, akakata.

Ilipigwa tena. "Iko wapi?"

"Ndani ya godoro."

"Lipi?"

"Nimeshona mengi tangu nirudi, baba. Mengine yako kwa wajane, mengine hospitali, moja kwa mchungaji. Njoo uyafumue." Alicheka kwa sauti kubwa ili yule asikie. Lakini baada ya hapo alianza kulala na kiti kimeegemezwa mlangoni.

Kisha ikaja siku simu ililia, akaipokea, na Bwana Funguo hakusema kitu. Alikuwa anapumua tu. Mama Sindano alitaka kukata, kidole kikiwa tayari, ndipo akasikia sauti nyuma ya ile pumzi, mbali, kama inatoka chumba cha tatu chenye milango imefungwa. Fimbo juu ya pamba.

Pa-pa. Kimya.

Pa-pa. Kimya.

Alibana simu sikioni mpaka sikio likauma. Wapigaji wa pamba wako wengi duniani, lakini uvivu ule ulikuwa wa nyumba moja. Magodoro mapya, alikuwa amesema, tunatengenezesha wenyewe, kwa mkono.

"Unasikia, mama yangu?" Sauti laini ilikuwa karibu sana. "Nilikwambia yuko kazini. Lete pasipoti, mje mkae pamoja. Basi la asubuhi lina nafasi."

Pa-pa, ikasema fimbo. Kimya.

Baba aliuliza siku zile kama mtoto huyu anapiga pamba au anabisha hodi, na wote walicheka, hata mtoto mwenyewe. Mama Sindano aliweka simu chini bila kuikata, ili hodi iendelee kuingia. Akaenda kwenye godoro la baba, lile ambalo halijawahi kuuzwa, akafumua mshono wa kichwani, akatoa pasipoti mbili, ya mdogo wake na ya mwizi wa kuku, akaziweka mapajani.

Majirani waliopita dirishani jioni ile wanasema hawakumsikia akilia. Walimwona ameinama juu ya jiwe la kunolea, ananoa sindano.